Magugu ya Mjomba

Juzi runinga ilionyesha polisi wakichoma bangi, nikamkumbuka mjomba. Mchana mmoja nikiwa mdogo, mama alinishika mkono, tukatoka kijijini kwetu Narung'ombe, tukapenya pori hadi bondeni, alikolima mjomba mbali na watu wote. Mimea ilinizidi kimo, na harufu yake kali ilinikereketa koo. Mama aliing'oa haraka haraka, akigeuka kila majani yalipochakacha. Nikadhani ni magugu, nikamsaidia.

Mjomba akatokea mbio. "Dada, unaniua!"

"Polisi wameshafika Mbwemkuru, wanakuja huku," mama alimjibu. "Ukifungwa, wanao nitawalisha nini?"

Mjomba akaketi chini, akalia. Mama hakuacha kung'oa. Nilimwonea huruma, nikamwambia, "Usilie, mjomba. Tumebakiza kidogo tu, shamba lako litakuwa safi."