Msumeno Uliokikataa Kidole

Mashine yangu ya kwanza ya kupasua mbao niliiunda mwenyewe. Mota ilitoka kwenye kinu cha kusaga mahindi kilichofungwa karibu na Jogoo Road. Meza ilikuwa ya vyuma vilivyochomelewa na jirani, juu yake bati nene, na katikati ya bati mwanya ambamo msumeno wa duara ulichomoza meno. Haikuwa na kifuniko. Swichi yake ilikufa mapema, kwa hiyo ukitaka kuizima ulilazimika kuinama uchomoe plagi ukutani huku msumeno ukiendelea kuzunguka karibu na sikio lako.

Niliiweka nyuma ya nyumba yetu pale mtaa wa Mbotela, Nairobi, kwenye kijiwanja ambacho zamani kilikuwa cha kuanikia nguo. Mchana nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja mjini. Jioni kabla giza halijaingia, na Jumamosi kutwa, nilikuwa fundi wa vitanda, rafu na meza za watoto. Mke wangu ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Mimi nasukuma ubao, yeye yuko upande wa pili anaupokea. Tulifanya hivyo miaka mingi mpaka hatukuhitaji kuambiana kitu.

Mbao nilinunua kwa mama mmoja mwenye yadi upande wa Industrial Area, ukielekea Mukuru kwa Njenga. Alizaliwa hapa Nairobi, ingawa wazazi wake walikuja kutoka Somalia, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu mimi mtu wa Kakamega. Mwanawe anayefanya kazi ng'ambo alikuwa amemletea mashine ya kupasua mbao ya aina ambayo sikuwa nimeiona: meza laini unayoweza kujiona usoni, magurudumu ya kupandisha na kushusha msumeno, na kisanduku kidogo chenye taa ya kijani. Sasa mwanawe alikuwa anamtumia nyingine kubwa zaidi, na mama akaniambia hii ndogo ningeweza kuichukua.

"Hii inamjua mtu," aliniambia. "Ukiigusa kwa ngozi, inasimama."

Nilitabasamu kama mtu anavyotabasamu akiambiwa dawa ya mchaichai inatibu kila kitu. Nilipomweleza mke wangu nyumbani, hakutabasamu.

"Ichukue," alisema.

"Ikiharibika nitampelekea nani? Hii yangu naijua mpaka tumboni."

"Na yenyewe inakujua?"

Nikaenda kupiga msasa.

Wiki zikapita. Kila nilipokwenda yadi niliizunguka ile mashine, nikagonga meza yake kwa kucha, nikapandisha na kushusha msumeno, kisha nikabeba mbao zangu nikaondoka. Ukweli ni kwamba nilitaka mota yake. Ile habari ya kumjua mtu sikuiamini.

Ikaja Jumamosi moja asubuhi. Kijana anayempasulia mama mbao alikuwa ameenda kunywa chai, na mteja alikuwa na haraka ya vipande vyembamba vya fremu. Mama akafunga ncha za mtandio wake nyuma ya shingo na kusimama mwenyewe kwenye mashine. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nimekodoa macho kwenye rundo la mbao nikitafuta zilizonyooka. Nilisikia msumeno ukiingia, sauti ile ya kawaida, kisha mlio mmoja mkubwa kama tairi la lori limepasuka. Baada ya hapo, kimya.

Nilidhani stima imelipuka. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama ameinua mkono wa kushoto mbele ya uso wake, anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ubao ulikuwa umeruka pembeni. Ndani yake palikuwa na fundo gumu lililoachia ghafla na kuuvuta mkono wake. Na pale kwenye mwanya, mahali ambapo msumeno ulikuwa ukizunguka muda huo huo, hapakuwa na kitu. Ulikuwa umetoweka.

"Mama, umeumia?"

"Sijui," alisema polepole. "Niangalie wewe."

Kwa miaka yote ya kufanya biashara sikuwa nimewahi kumshika mkono mama yule. Salamu zetu zilikuwa za maneno, yeye akiweka kiganja kifuani. Siku hiyo alininyooshea, nami nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu ambacho nisingekisahau. Nilichoona ni mchubuko mfupi kwenye ncha ya kidole cha shahada, na tone dogo la damu, kama la mtu aliyechomwa na sindano akishona kifungo. Nilivigusa vidole vyake kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vya joto, vyote vikakunjika.

"Alhamdulillah," alisema kwa sauti ya chini, akaketi juu ya rundo la mbao.

Vijana wa yadi walikuja wakasimama duara. Mmoja alifungua mlango wa chini wa mashine, tukainama sote kutazama. Kulikuwa na kipande cha alumini, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, kimejitosa kwenye meno ya msumeno na meno yamezama ndani yake. Msumeno wenyewe ulikuwa umevutwa chini ya meza. Kijana alijaribu kuutikisa, haukusogea hata kidogo. Mama alitueleza vile mwanawe alivyomweleza: kuna umeme mdogo sana unaopita kwenye msumeno, hata hauusikii, ngozi ya mtu ikigusa, umeme ule unabadilika, na kile kipande kinafyatuka.

Niliyaelewa maneno, lakini jambo lenyewe lilinishinda. Chuma hicho kilikuwa kikikata mbao kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuhesabu meno, na ndani ya kasi hiyo hiyo kikapambanua kwamba hii sasa si mbao, hii ni mama wa watu, kikajivunja chenyewe badala ya kumkata. Nimefanya kazi chini ya wakubwa ambao hawakuijua tofauti hiyo. Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani bila mbao nilizokuwa nimezifuata, na njiani nilikuwa nikikunja na kukunjua vidole vyangu.

Mke wangu aliposikia, alitaka kuiona kwa macho yake. Tulikwenda pamoja siku chache baadaye. Mama alimwonyesha kidole chenye plasta, nao wakakitazama kwa muda, wameinamisha vichwa kama wanaotazama mtoto mchanga. Kisha mke wangu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

"Kuna kitu kinachoidanganya?"

"Maji, dada," mama alisema. "Mbao mbichi sana huishtua. Inadhani imegusa mtu. Ikifyatuka, msumeno umekwisha, na kile kipande lazima kiagizwe kingine kutoka nje."

Mbao zangu zote zilikuwa saiprasi iliyoshushwa kwenye lori juzi, mbichi hivi kwamba ukiipasua inakurushia manyunyu usoni. Wateja wangu wengi walikuwa wapangaji wanaohamia maghorofa ya mtaa wa Pipeline, wanaotaka kitanda kabla ya mwisho wa mwezi. Nani angengoja mbao zikauke?

Tulikuwa tumevuka reli tukirudi nyumbani mke wangu aliposema, "Basi tukaushe mbao."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Na wateja?"

"Watakaongoja watangoja. Wengine waende kwa mwingine."

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyojaa. Tulizipanga mbao ukumbini kufuata ukuta, tukiweka vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite. Nyingine zilikaa chini ya kitanda chetu, nyingine juu ya kabati. Wageni waliketi magoti yamepanda kwa kukosa nafasi. Nyumba nzima ilinukia msitu, na jua la alasiri likipiga bati, mbao zilikuwa zikitoa sauti, tak, kimya kirefu, tak tena. Mke wangu alikuwa anaacha kuchambua mchele na kusikiliza. Sijui kwa nini sauti ile ilitufanya tuzungumze kwa upole, lakini ilitufanya. Wateja wengine niliwapoteza, sitaficha.

Mbao zilipokauka nilizijaribu kwanza kwenye mashine yangu ya zamani, na hapo nikapata mtihani mpya, kwa maana ilizipasua vizuri ajabu. Zilitoka zimenyooka, hazikujipinda, mota haikulalamika. Kumbe miaka yote nilikuwa nikiisingizia mota makosa ya maji. Nikajiambia, sasa ya nini kuhangaika na mashine nyingine? Hii inatosha.

Nilikuwa katikati ya wazo hilo, nimeshika ubao mwingine, nilipoinua macho nikamtazama mke wangu. Sikumtazama mikono kama nilivyozoea, nilimtazama yeye. Alikuwa amenyoosha mikono mbele kadiri ilivyoweza kufika, mwili ameuvuta nyuma, na uso ameugeuzia ukutani. Macho alikuwa ameyafumba. Alikuwa anaupokea ubao kwa kuusikia tu kwenye viganja.

Niliinama nikachomoa plagi. Tulingoja mpaka msumeno ukatulia.

"Umekuwa ukisimama hivyo siku zote?"

"Hivyo vipi?" aliuliza, kwa sababu kweli hakujua.

"Twende tukaichukue ile," nilisema.

Mama tulikubaliana naye malipo yawe rafu: nikamtengenezea za ofisi yake mpya, tukamalizana. Mashine ililetwa kwa mkokoteni ikiwa imefungwa mablanketi, na msumeno mpya na kipande kipya cha alumini ndani yake. Mota ya ile ya zamani nilimpa fundi mmoja wa Mukuru kwa Njenga anayetaka kusukuma maji. Meno yake, yaani msumeno, niliyang'oa kwanza.

Niliiwasha ile taa ya kijani, nikauchukua ubao mkavu na kwenda mahali pangu. Mke wangu alikuwa tayari amesimama pale. Alikuwa amefunga leso kichwani na kuvua pete.

"Leo mimi nasukuma," alisema.

Nilikwenda upande wa pili, ambako sikuwa nimewahi kusimama. Aliuweka ubao ukagusa chuma cha kuuongoza, akavuta pumzi, akausukuma. Hakuharakisha wala hakusita. Msumeno uliingia kwenye mbao, na vumbi laini la dhahabu likapanda kwenye mwanga kati yetu. Macho yake yalikuwa wazi, yameukazia mstari kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Ubao ulinijia taratibu mikononi, umegawanyika pande mbili, na ukingo wake ulikuwa umenyooka kuliko wowote niliowahi kukata mimi. Niliupitishia kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikarudia tena.

Alinitazama juu ya mashine, vumbi limemkaa kwenye nyusi.

"Lete mwingine," alisema.