Wali wa Ngumi Moja

Fundi cherehani yule haruhusu mtu ampakulie. Hukunja ngumi, huiweka kando ya sahani, hupakua wali wa kiasi cha ngumi ile, kisha huusawazisha kwa mgongo wa kijiko kama anayelaza mshono. Tangu aambiwe ana kisukari, kila mwenye mdomo amegeuka daktari wake: huyu anamkataza viazi, yule anamkataza ndizi, na wote wanamtazama anavyotafuna utadhani amekula cha mtu. Jana mchana alikuwa ameshajidunga insulini, ameshapakua, ndipo wifi yake akanyoosha mkono na kuchota nusu ya wali ule.

“Nakuhurumia tu, wifi.”

Fundi akaweka kijiko chini. “Sindano nimeipima kwa wali huu. Ukiupunguza, sukari itashuka nianguke hapa hapa. Rudisha.”

Wifi akaurudisha, tena akaongeza na wali wa kwake juu. Fundi akakunja ngumi, akaiweka kando ya sahani, akauondoa wote uliozidi.

“Nimedai changu, wifi. Sijaomba sadaka.”