Siku Treni Ilipotusubiri Mpanda

Harufu ya dizeli na ya ulezi unaokaangwa ndiyo iliyokuwa ikituamsha Namanyere asubuhi za mwezi ule. Basi lililotoka Sumbawanga jioni lililala uwanjani karibu na nyumba yetu, likanguruma alfajiri kujipasha moto, na moshi wake ukaingia jikoni kwa mama bila hodi. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, mavuno yamekwisha, anga la Ufipa limetakata, na baridi ya asubuhi inauma masikio. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Basi lile lilikwenda mara mbili kwa wiki hadi Mpanda, ambako lilikutana na treni ya Tabora, na kwetu sisi watoto mahali basi na treni vinapokutana palikuwa ndipo dunia inapoanzia. Sikuwa nimepaona. Hata hivyo nilipaeleza kwa wenzangu kwa kirefu, tena bila aibu, kwa kuwa nilikuwa nimesikia mengi.

Miongoni mwa niliyoyasikia, moja lilisadikiwa na kila mtu: kwamba treni ya Mpanda haiondoki mpaka basi la Ufipa lifike. Sababu yake ilionekana wazi. Kwetu, mgeni aliyetoa taarifa ya kuja hawezi kufika akakuta mmekwisha kula; chakula kitapoa, watoto watalia, lakini atasubiriwa. Basi hutoa taarifa ya kuja kila wiki, kwa hiyo treni italingojaje kwa heshima pungufu ya hiyo? Hakuna aliyepata kumuuliza mtu wa reli. Tuliipa treni adabu zetu, kisha tukaitegemea kana kwamba ilikuwa imekubali.

Mwezi huo dada yangu Perpetua alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu huko Tabora. Barua ilisema asiyeripoti kufikia Jumatatu nafasi yake itapewa mwingine. Treni ya Ijumaa ndiyo pekee iliyoweza kumfikisha, nayo, kwa mujibu wa barua, iliondoka Mpanda saa tisa alasiri. Baba alikuwa bado akipura ulezi, mama ananyonyesha. Hivyo shangazi Yustina na mimi tukateuliwa kumsindikiza, maana binti wa kwetu hakukabidhiwa chombo cha safari bila ndugu wa damu kumwona ameketi. Dereva naye hakukabidhiwa mtoto wa mtu kabla hajala nyumbani kwa mtu huyo. Ukila kwetu wewe si mgeni tena, na asiye mgeni hatamtelekeza mtoto wetu njiani.

Dereva wa Ijumaa hiyo, Bwana Ambakisye, alikuwa Mnyakyusa mnene, mcheshi, aliyehamishiwa njia yetu wiki hiyohiyo kutoka Mbeya. Alitazama ugali wa ulezi na samaki wa migebuka alioandaliwa na mama, akanawa. Alikula vizuri. Bahati mbaya, au ndivyo nilivyokuja kuiona baadaye, katika vijiji viwili vilivyofuata palikuwa na wanafunzi wengine wa kukabidhiwa, na kila kijiji kilikuwa kimepika. Katika cha kwanza alikaa karibu saa nzima. Katika cha pili alikuta jogoo ndiyo kwanza anatiwa chumvi.

“Nyie Wafipa mnataka kuniua kwa ugali!” alilalamika, huku akifungua kifungo cha shati. “Hiyo treni yenu inaondoka saa ngapi?”

“Saa tisa,” alisema Perpetua, akiwa ameishika barua.

Basi zima likamcheka. Mimi nilisimama juu ya kiti ili nisikike. “Treni haiondoki bila basi, mjomba! Kula tu!”

“Nani kakwambia?” Perpetua aliniuliza.

“Kila mtu anajua.”

“Sijauliza nani anajua.”

Dereva alitutazama sote, akahesabu wengi walikuwa upande gani, akashuka kwenda kula jogoo.

Safari iliyobaki ilikuwa furaha tupu, na sitaificha kwa sababu tu ninajua ilijengwa juu ya nini. Tuliteremka kutoka nyanda zetu za baridi tukavua masweta mmojammoja. Shangazi alianzisha nyimbo za kanisani na wasiojua maneno wakavuma. Pale Sitalike tuliwaona viboko, nami nikawahesabu kwa sauti mpaka nikaambiwa ninyamaze. Perpetua peke yake hakuimba. Alikuwa akimuuliza saa mzee mmoja mwenye saa ya mkono, na kila alipojibiwa aliikunja barua mara moja zaidi. Ilipofika saa tisa kamili tulikuwa bado msituni. Hapo nami nikanyamaza, kwa hiari yangu, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza hasa ni nani aliyeniambia.

Tuliingia Mpanda saa kumi na nusu. Treni ilikuwa pale, ndefu, na watu wamejaa madirishani. Basi lililipuka kwa vigelegele. “Si tulisema!” walipiga kelele abiria, na shangazi Yustina akashuka akicheza, kikapu kichwani, na wachuuzi wa karanga wakampigia makofi bila kujua sababu. Sijapata kuona tena watu wazima wakifurahi kwa pamoja namna ile. Lakini swali la dada yangu lilikuwa limenichoma. Nikamwendea msimamizi wa kituo, bwana mwenye kofia na kijibendera.

“Shikamoo. Ni kweli mlikuwa mnatusubiri?”

“Marahaba. Tuwasubiri nyie?” Alicheka mpaka kofia ikamhama. “Breki ya behewa moja ilikataa. Fundi amemaliza sasa hivi. Kama una mtu wako, apande, tunaondoka.”

Nilikimbia kuwaeleza. Hakuna aliyetaka kusikia. “Mtoto huyu naye!” shangazi alinikemea. “Acha kuharibu raha za watu.” Perpetua ndiye pekee aliyesikiliza, kupitia dirishani, uso wake ukiwa mweupe kwa vumbi. Akaninyooshea mkono, akanivuta sikio, akacheka na kulia kwa pamoja. Treni ikaondoka. Aliripoti Jumamosi; barua yake ya kututaarifu ilichukua wiki tatu, na alifundisha hadi alipostaafu.

Mwaka jana nilimsindikiza mjukuu wangu Dodoma, akishuka basi lililomtoa Sumbawanga ili apande treni ya umeme. Niliuliza muda wa kuondoka kwa wafanyakazi wawili, nikausoma pia ubaoni, na yote yakalingana. Milango ilifungwa kwa dakika iliyoandikwa. Nilithibitisha kwa saa yangu. Hakuna aliyecheza. Treni ilipokwisha kutoweka akaja kijana mmoja mbio, begi mgongoni.

“Shikamoo mzee. Imeondoka?”

“Marahaba. Imeondoka.”

“Dah! Washikaji walisema huwa inachelewa dakika kumi.”

Nilikuwa na hotuba tayari, ya miaka zaidi ya hamsini. Sikuitoa, kwa kuwa alikwisha kuelekea kwenye dirisha la tiketi kuuliza mwenyewe, na akarudi akitabasamu: ipo nyingine jioni hiyohiyo, na nafasi zipo. Akaketi kando yangu, akavua kiatu kilichombana, akaanza kuchua vidole. Nilimtazama kwa wivu wa kweli. Kosa lilikuwa lilelile langu, lililokaribia kumnyima dada yangu chuo, naye alikuwa akililipia kwa alasiri moja ya kukaa kivulini.