Nilichagua jiko jepesi la gesi la kupandia mlima, bugali ikanifundisha adabu

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma, mji ambao hata ukianguka hapa barabarani unaangukia jiwe la volkano.

Nimeona humu kuna ndugu anauliza jiko gani dogo la gesi linafaa kwa safari za mlimani. Nimesoma majibu yenu yote. Kila mtu anataja gramu. Gramu za jiko, gramu za kimtungi, na kuna mkuu mmoja anasema amekata hadi mpini wa mswaki wake ili mzigo upungue.

Nikaona niwaletee yaliyonikuta mimi. Ni ukweli mtupu. Nikianza kujisifu mtanisamehe, maana sehemu hizo ni chache.

Mimi ni mpishi wa safari za mlimani. Wageni wanapanda volkano ya Nyiragongo kwenda kuchungulia moto, wanalala kule juu kwenye vibanda, na mimi napika. Vita ilipokaribia, mlima ukafungwa na wageni wakahamia nchi jirani kutazama sokwe. Nikabaki nyumbani na miiko yangu.

Wakati huohuo nyumba ikajaa. Wakwe zangu wote walikimbia Rutshuru wakaja kwetu na magodoro kichwani. Mke wangu, Mama Neema, hakusema neno baya hata siku moja, ila kila asubuhi alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo waliooa wanaijua.

Mapigano yakatulia kidogo, mlima ukafunguliwa. Bosi wa kampuni ndogo ya safari, sisi tunamwita Patron tu, akaniita.

"Makala sitaki tena," akaniambia, yaani mkaa. "Gunia moja inakula muportere muzima kuibeba, na bazungu banakohoa moshi. Utafute jiko ya gaz, ya mwepesi. Hii safari ikienda muzuri, kazi ni yako. Ikienda mubaya, kuko mwingine anangojea inje."

Nilimwona huyo mwingine nje. Alikuwa amekaa kwenye benchi na mwiko wake kabisa.

Basi nikaenda Birere, sokoni. Kuna mama pale anauza vitu vya wazungu wa mashirika wanaomaliza mikataba. Wakija wanakuja na mizigo kama watakaa miaka kumi, wakiondoka wanaacha hadi viatu. Mama huyo alikuwa na majiko mawili.

La kwanza lilikuwa dogo kama ngumi ya mtoto. Unalifunga juu ya kimtungi cha gesi, unafungua viguu vitatu vyembamba, unaweka sufuria juu. Linaingia mfuko wa shati.

La pili lilikuwa pana na zito. Linakaa chini lenyewe kwa miguu yake minne, na linaungwa na mtungi kwa mpira. Ukilibeba unajua umebeba kitu.

Yule mama aliniruhusu niende nayo yote mawili nyumbani nikayajaribu. Jaribio likafanyika uani, mbele ya wakwe. Nikachemsha maji ya chai. Dogo likanguruma, maji yakachemka kabla mama mkwe hajamaliza kuuliza kama hicho kitu hakitalipuka. Watu wakapiga makofi. Shemeji mmoja akasema nyumba yetu sasa imekuwa Ulaya.

Mimi tena nikaenda kwenye simu kusoma maoni ya watu wa milimani duniani kote. Wote walisifu dogo. Gramu, wakuu. Nikalilipia dogo, kubwa nikalirudisha.

Angalieni nilipokosea. Nilijaribu chai. Hakuna mtu katika ua ule wote, na tulikuwa wengi, aliyesema tusonge bugali.

Bugali ndiyo ugali wa kwetu. Tena ya kwetu ina unga wa muhogo ndani, inavuta. Ukisonga ya watu wengi unatumia mabega, mgongo, na kama una hasira na mtu, siku hiyo inatoka nzuri zaidi.

Safari ikafika. Wageni walikuwa wawili, mtu na mke wake, wapole sana. Waportere, yaani wapagazi wetu, walikuwa wanne. Karibu wote walikuwa wakulima waliokimbia vita, wanakaa kwenye kambi ya Mugunga, wanapanda mlima ili familia ile. Mkubwa wao ni Papa Sifa, alikuwa akilima maharage Kalengera. Ni mtu mfupi, maneno machache, na macho ya kukucheka hata akinyamaza.

Njiani alichukua jiko langu akaligeuzageuza mkononi.

"Hii njo jiko?"

"Njo yenyewe, Papa Sifa."

"Na ingine kubwa itakuja nyuma?"

Nikamwambia hakuna nyingine. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyorudisha kitu cha marehemu.

Tukafika juu alasiri, baridi imeshaanza kung'ata. Chai ya wageni ikatoka haraka. Supu ikatoka haraka. Wageni wakanisifu, nikajiona chifu wa mlima. Kisha nikaweka sufuria kubwa, ya watu wetu.

Kwa wasiojua: muportere anakula bugali. Wageni wakishakula, sufuria ya pili ni yao, na hiyo ndiyo inayoshusha mizigo kesho yake. Tena Patron ana desturi yake. Safari ikiisha hawaulizi wageni, kwa sababu wageni wanasifu kila kitu. Anawauliza waportere.

Maji yakachemka. Nikatia unga, nikashika mwiko, nikaanza kusonga. Mara ya kwanza jiko likatikisika. Mara ya pili likainama kidogo, nikajifanya sijaona. Mara ya tatu nikaweka bega.

Viguu vikakunjika. Sufuria ikaenda upande wake, nami upande wangu, na zaidi ya nusu ya bugali ikaingia kwenye ufa wa mawe ambao nadhani unafika hadi kwenye moto wenyewe.

Papa Sifa akasogea, akachungulia ule ufa.

"Mulima imekula mbele yetu," akasema.

Yule mgeni wa kike alipiga picha. Akamuuliza guide wetu, yule anayetuongoza njia, kama hiyo ni sadaka ya kimila kwa volkano. Guide akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Najua kuna mahali Ulaya picha hiyo imetundikwa ukutani.

Unga uliobaki ulikuwa mchache. Tulivinyoosha vile viguu, tukachemsha maji upya, nikaitelemsha sufuria chini, Papa Sifa akaibana katikati ya buti zake, nikasonga hapohapo. Kisha tukairudisha motoni, wawili wameshika masikio ya sufuria kwa soksi, mmoja ameshika kimtungi. Mtu wa ziada tungempata angeshika mlima.

Kwa baridi ile na upepo ule bugali ilikataa kuiva. Ilitoka mbichi, ina mabonge. Nikawagawia wote na sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwani nilivyotoka navyo nyumbani. Mimi sikuwa na uso wa kuchukua langu. Nikakwangua mwiko, nikasema nimeshiba chai.

Kushuka kesho yake nilikuwa namfikiria yule bwana wa kwenye benchi, halafu namfikiria Mama Neema na wale wakwe wote wanaoningoja. Niseme wazi, niliogopa. Ile haikuwa kazi ya kujaribu bahati, ndiyo ilikuwa ilishe nyumba.

Tukafika kwa Patron. Akawakalisha waportere, mimi nikabaki mlangoni.

"Mupishi alikuwa namna gani?"

Wakatazamana. Papa Sifa akajibu kwa niaba yao.

"Chai yake iko mbio sana."

"Na bugali?"

"Bugali ilikuwa mubichi. Na nusu yake tuliacha kule, mulima ilikuwa na njaa."

Wenzake wakacheka hadi mmoja akakohoa. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Lakini alitupatia sisi yote," Papa Sifa akaendelea. "Yeye alilala na njaa, anasema ameshiba chai. Hakuna mutu mukubwa anashiba chai. Umuache huyu. Jiko njo ibadilishwe."

Patron akaniuliza kama kuna jiko jingine. Nikamweleza lile kubwa la Birere, na uzito wake nikautaja kwa sauti ndogo. Akatikisa kichwa. Mizigo ya watu imeshajaa, akasema, na gunia la makala amelikataa kwa sababu hiyohiyo. Nani atabeba chuma kile hadi juu?

"Mimi," Papa Sifa akasema.

"Unajua kilo zake?"

"Patron, nilitoka Kalengera nabeba mama yangu ku mugongo mupaka Mugunga. Hakuna mutu aliniuliza kilo."

Kila muportere mle ndani alikuwa na mtu au kitu alichobeba kwenye barabara ile. Patron akajifanya anatafuta kalamu. Kisha akasema Jumamosi kuna wageni wengine, na nisichelewe.

Jiko kubwa nikalichukua. Papa Sifa ndiye analibeba hadi leo, anakataa kumpa mwingine. Mama yake nilikwenda kumsalimia Mugunga, akanishika mkono akacheka nami sana. Na kwa kuwa nimeahidi ukweli: si mama mwembamba.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba jiko la mlimani usilijaribu kwa chai. Lijaribu kwa chakula ambacho watu wako watakula wakiwa wamechoka. Na habari ya uzito, kamuulize atakayelibeba, usimjibie wewe.

Sasa nyie wa gramu, karibuni mnitukane taratibu. Ila kila atakayechangia aseme kwanza: huko juu mnasonga nini, na mzigo wenu anaubeba nani?