Mimba zabibu: nyumba nzima tuliombea mstari mmoja

Wakuu, kamwene. Haya yametokea nyumbani kwangu, siongezi chumvi.

Mimi shule niliacha darasa la sita na sikai sehemu moja. Nimebeba magunia ya mpunga Ubaruku, nimechimba dhahabu Chunya. Mke wangu, Mhehe wa Iringa, ananifuata tu.

Mwaka jana tukiwa Chunya akashika mimba. Tumbo likawa kubwa kuliko miezi yake, anatapika kila anachokula, kisha damu ikaanza kutoka. Tukakimbilia Mbeya mjini.

Ultrasound ikaonyesha hakuna mtoto. Kondo la nyuma limeota vifuko vya maji, kama kishada cha zabibu. Daktari akasema ndiyo mimba zabibu.

Alisafishwa kizazi. Mimi nikamganda nesi kwa maswali hadi akasema, "Baba, unataka kunipokonya kazi?" Lakini alijibu yote. Mabaki yanaweza kuota tena, hata yakawa saratani. Kwa hiyo damu ipimwe kila wiki mpaka homoni ya mimba iishe, na atumie uzazi wa mpango mpaka waruhusu.

"Na msihame," akamalizia.

Hapo ndipo aliponikamata.

Tukapanga chumba. Mama mkwe akaja kutoka Iringa kumuuguza. Siku moja akanunua kipimo cha mimba cha mkojo duka la dawa, mke wangu akapima. Mistari miwili.

"Huyu ni pacha, amebaki. Mnataka wamtoe na yeye? Kesho naondoka na mwanangu."

Mke wangu alilia kwa furaha, akaanza kukunja nguo.

Nikasema, "Mama, hicho kinaona homoni, hakimwoni mtoto. Twende wote hospitali ukashuhudie."

"Mkwe, leo ndiyo nakusikia unakataa safari." Lakini alikuja.

Kizazi kilikuwa kitupu, na homoni ilikuwa inapanda badala ya kushuka. Mke wangu akaanzishiwa sindano za dawa ya saratani. Vidonda vya mdomoni vilimtesa, mama mkwe akawa anampoozea uji.

Taratibu homoni ikashuka, ikaisha. Sindano zikasimama, kupima kunaendelea.

Juzi mama mkwe kapiga simu kutoka Iringa. "Mistari mingapi?"

"Mmoja, mama."

"Haya. Nipe mwanangu niongee naye."

Nilichojifunza wakuu: kusafishwa ni nusu ya matibabu. Kliniki msikatishe hata mgonjwa akijisikia mzima.

Waliopitia hili, mliruhusiwa kujaribu tena baada ya muda gani? Nijibuni taratibu tu. Bado nipo Mbeya, sijahama.