Fundi wa Sofu na ndege ya msufi

Jua ndiyo kwanza linachungulia mtaa wa Sofu, Kibaha, na fundi Mbaraka Pazi ameshasemwa mara mbili. Wa kwanza ni mkewe, Tunu, aliyetaka kujua kama bawa nalo linakunywa chai, maana ndilo lililolala juu ya meza ya chai. Wa pili ni mteja wake, Hajira, aliyefuata kabati lake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabati langu liko wapi?"

"Lipo. Hilo hapo, chini ya bawa la pili."

Hajira anainama, anachungulia, analiona kabati lake likiwa halina milango wala dalili ya kuipata. Juu yake limetandazwa bawa refu kumshinda mtu mzima, mbavu nje nje, limefungwa kamba lisipinde. Anavuta pumzi, anasema atarudi wiki ijayo, na anaondoka akizungumza peke yake.

Mbaraka hana habari. Ameshika kipande cha chupa, anaparuza ubavu mmoja wa bawa taratibu, kisha anauweka kwenye kiganja na kuupimapima.

"Zamani nilikuwa nasifiwa kwa uzito," anasema. "Mtu akinunua kitanda changu lazima aite wanaume wanne. Sasa hivi nikiona kitu kizito nashikwa na homa."

Mbaraka ana miaka arobaini na sita, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimaliza kwenye vitanda, milango na makabati. Kitanda chake cha mninga hakishuki laki tatu na nusu, na mwezi ukiwa mzuri anauza vitatu. Mwezi huu hajauza hata kimoja. Karakana yote imemezwa na ndege ya mfano, ya zile za kizamani zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine.

Ndege yenyewe ni ya Mzee Latifu Omary wa Mkuza, mstaafu aliyepakia mizigo ya abiria uwanja wa ndege hadi mgongo ukakataa. Mwanawe aliye ughaibuni alimtumia sanduku lenye vipande vyote: mbao zilizokatwa tayari, karatasi laini za mabawa, waya, mota ya umeme, magurudumu na kitabu cha maelekezo. Mzee alitamani kuiunda mwenyewe, lakini mikono yake inatetemeka. Na kuna jambo zito kuliko mikono. Presha ya macho imemshika, na daktari hakumficha: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda.

"Alikuja hapa akaniambia, Mbaraka mwanangu, niundie hii niione ikipaa kabla giza halijanikuta," anasimulia fundi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kuparuza. "Ningesemaje? Mtu anakuomba kitu kama hicho, unamwambia una oda ya makabati?"

Basi akaipokea kazi. Na hapo ndipo wema wake ulipomponza.

Alipofungua sanduku, alikutana na mbao ambazo hajawahi kuziona tangu ashike randa. Nyeupe, laini, nyepesi kama mkate wa jana. Akaibonyeza moja kwa ukucha, ukucha ukazama. Akaipinda nyingine, ikakatika. Mbaraka akaketi juu ya kigoda, moyo ukamuuma.

"Nikajua mzee wa watu ametapeliwa," anasema. "Mtoto yuko mbali, amenunua kwa picha, wamemuuzia uchafu. Nikasema, sitamwambia. Mzee mgonjwa macho, nimuongezee na hili?"

Kwa hiyo akafanya lile ambalo fundi yeyote mwenye roho nzuri na mninga stoo angelifanya. Aliviweka vipande vile juu ya mninga wake bora, uliobaki alipounda mlango wa tajiri mmoja, akavichora kimoja kimoja na kuvikata upya. Vingine akavinenepesha kidogo, kwa usalama. Hakumdai mzee hata senti. Zile mbao za sanduku alimpa Tunu.

"Ziliwaka vizuri mno," anakumbuka Tunu, akitokea jikoni na kikombe. "Njiti moja tu, jiko lote linalia. Nilipikia maharage wiki nzima. Nikamwambia, baba Zuleha, hizi ukizipata tena niletee."

Ndege ya mninga ilipokamilika, ilikuwa na maungo ya kutamanika. Mbaraka aliipiga vanishi mara tatu. Majirani walikuja kujitazama sura kwenye bawa. Siku ya majaribio ilibebwa kwa toroli hadi uwanja wa mpira Mkuza, na Mzee Latifu akaja amevaa kanzu ya Idi.

Wa kuirusha alikuwa Lusajo, kijana wa Mlandizi anayepiga picha za harusi kwa droni. Aliiweka sawa, akawasha mota. Panga boi la puani likazunguka kwa hasira, vumbi likatimka, kuku wakakimbia. Ndege ikatulia palepale kama imejengewa. Lusajo akaongeza moto. Ndege ikanguruma, ikatetemeka, ikatoa moshi.

"Mzee baba," Lusajo alimwambia fundi, akifunika mdomo kwa kiganja. "Hapa umetengeneza kabati lina mabawa."

Wakaikimbiza kwa muuza mkaa, wakaitundika kwenye mzani wa magunia. Ilikuwa kilo thelathini na moja. Kitabu cha maelekezo kilitaka tisa.

Mzee Latifu alipitisha mkono juu ya bawa, akaligonga kwa kidole. Likajibu kama mlango wa msikiti.

"Mbaraka, mwanangu. Mbao zangu ziko wapi?"

Mbaraka anasema angeweza kudanganya, ila ulimi ulikataa kumtii.

"Zimepika maharage, mzee."

Mzee hakugomba. Ndicho kilichomuumiza Mbaraka, kuliko ambavyo angetukanwa mbele ya mtaa mzima. Aliuliza tu maharage yalikuwa ya nazi au makavu, akacheka kidogo, kisha akaomba ashikwe mkono arudishwe nyumbani, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na saa hizo njia haioni tena.

"Nililia," anasema Mbaraka bila haya. "Mtu mzima, nimekaa kwenye toroli na dege langu, nalia. Nimemmalizia mzee miezi yake ya kuona kwa ujuaji wangu."

Aliyemwinua ni Tunu, na hakumwinua kwa kumbembeleza. Alimwambia aache kulia kama kakatwa mshahara, kwao Kisarawe kuna msufi uliovunjika tawi kubwa wakati wa masika, na mama yake alilichanisha mbao zikakauka darini. Ubao wake mzima mtu anaubeba kwa mkono mmoja.

Mbaraka alitaka kucheka. Kwa mafundi wa Pwani, msufi ni mti wa magodoro na mito. Ubao wake haushiki msumari, wadudu wanaupenda, na seremala anayeonekana ameubeba huulizwa kama biashara imekufa. Lakini alikuwa ameshajifunza, kwa gharama ya mtu mwingine, kwamba ubao wa kudharauliwa unaweza kuwa ndio wenyewe.

Tatizo likawa moja: mbao ni za mama mkwe.

Bi Mwanajuma ni mwanamke wa Kisarawe wa mila kamili. Miaka yote ya ndoa, mkwewe hajawahi kumkazia macho, wala yeye hajawahi kumjibu moja kwa moja. Siku waliyofika, Mbaraka alisimama nje ya ua wa makuti, amegeukia barabarani kama mtu anayesubiri gari. Bi Mwanajuma alikuwa ndani ya ua huohuo, hatua chache, anachambua mchicha. Tunu akawekwa katikati.

"Mwambie mama, shikamoo."

"Mwambie mumeo, marahaba. Hawajambo huko?"

"Mwambie mama, hatujambo. Naomba mbao za msufi."

"Muulize, fundi wa mninga na msufi wapi na wapi? Kafilisika?"

"Mwambie mama, ni za ndege."

Mchicha ukaacha kuchambuliwa.

"Tunu," alisema mama, "mumeo analala vizuri usiku?"

Ikabidi Tunu aeleze yote, kuanzia macho ya mzee hadi maharage. Habari ya maharage Bi Mwanajuma alitaka irudiwe. Alicheka hadi akafuta machozi kwa pembe ya khanga, halafu akatoa hukumu yake: mbao achukue zote, ila ndege ikapae hapohapo Kisarawe, aone mti wake umekuwa nini. Na kama haipai, mkwewe alete kuni nyingine, maana darini sasa patakuwa patupu.

Ndiyo hiyo ndege iliyolala leo juu ya kabati la Hajira. Imeundwa upya, ubavu kwa ubavu, kwa kufuata ile ya mninga na kupunguza kila mahali Mbaraka alipokuwa amenenepesha. Karatasi laini za kuivalisha mabawa ziliharibiwa na vanishi ya ndege ya kwanza, hivyo Tunu alinunua bitana, kile kitambaa chepesi cha ndani ya makoti. Fundi anakivuta, Tunu anakipiga pasi ya mkaa na kugomba, kisha wanakipaka gundi iliyozimuliwa kwa maji. Mzani wa muuza mkaa, hata bitana yote ikihesabiwa, umesema kilo kumi na moja. Lusajo alipopigiwa simu alisema, "Hapo sasa tunaongea."

Jumapili, Kisarawe. Uwanja umejaa kana kwamba kuna fainali. Mwenyekiti wa kitongoji ameshauliza mara tatu kama ndege inapakia watu, na ameonekana kusononeka kidogo kwa jibu. Bi Mwanajuma amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, amempa mkwewe mgongo kwa heshima, shingo tu ndiyo imegeuka.

Mzee Latifu amekaa kwenye kiti cha plastiki. Safari nzima alikuwa akisimulia ile ndege ya mabawa mawili aliyoiona utotoni ikimwaga dawa kwenye mashamba ya mkonge, ilivyong'aa kama sufuria jipya, naye akaikimbiza hadi akapoteza kiatu. Yake aliagiza iwe na rangi ileile ya fedha.

Mbaraka amemvunjia agizo. Wiki mbili zilizopita alimwona mzee akipapasa meza akitafuta kikombe cha bati kilichokuwa mbele yake, ilhali khanga ya manjano ya Tunu aliitambua tangu getini. Kesho yake bitana ya fedha ikabadilishwa dukani kwa ya manjano. Mzee hajaambiwa.

Lusajo anawasha. Ndege inakwenda, inarukaruka kwenye majani, inayumba, mkia unanyanyuka. Halafu magurudumu yanaachana na ardhi, na kelele zinapasuka uwanja mzima. Inapita juu ya minazi. Bi Mwanajuma anasimama, khanga moja inaanguka, mila nayo inamponyoka.

"Mbaraka! We Mbaraka! Inapaa!"

Ni mara ya kwanza kumtaja mkwewe jina, na Mbaraka mwenyewe hasikii. Hatazami hata ndege. Anamtazama Mzee Latifu, ambaye uso ameuelekeza kusini, ilhali ndege iko kaskazini.

Ndege inakata kona juu ya uwanja. Kidevu cha mzee kinasita, kinainuka, kisha kinaanza kugeuka taratibu, kikiifuata. Kinakwenda nayo hadi mwisho wa uwanja na kurudi nayo.

"Nani kakwambia uipake rangi ya bajaji?" anauliza mzee, bila kushusha uso.

"Nisamehe, mzee. Nitaibadilisha."

"Ukiigusa tutagombana."

Ndege ilitua kwenye mihogo ya Bi Mwanajuma ikavunja gurudumu, jambo ambalo lilijadiliwa baadaye kupitia kwa Tunu. Mbaraka anasema itarushwa kila Jumapili, makabati yatavumilia. Na siku ambayo kidevu cha mzee hakitaifuata tena?

"Hiyo mota ya umeme sauti yake ndogo mno," anajibu fundi, akifuta matope kwenye bawa. "Nimeshaulizia Gwata, kuna mkata magogo ana injini ya chenso mbovu, ule msumeno wa kelele. Nitaifufua, nifunge hiyo. Mzee ataisikia popote ilipo."