Siku Tulipozika Mgomba Mayoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwongozaji wa kitengo chetu cha filamu alinivisha hedifoni, akanikabidhi maikrofoni iliyofungwa kwenye fimbo ndefu. "Dada, kazi yako ni kusikiliza. Kuongea tuachie sisi." Niliitikia, lakini iliniuma.

Nilirekodi mikutano ya wakulima wa mahindi Mautuma na minada ya ng'ombe. Kila mahali niliomba kwanza dakika moja ya kimya. Kimya cha shamba la miwa si kimya cha jikoni, na mhariri hukitumia kuzibia mapengo ya sauti. Mwongozaji alininyima dakika hiyo kila alipoweza.

Kisha tukaenda Mayoni kutengeneza filamu ya ndugu wawili: mmoja ataka kung'oa miwa ya marehemu baba yao apande soya, mwingine ameapa kumkata panga. Wenyeji ndio walioigiza. Yakabaki mazishi ya baba tu, na Mwongozaji, mtu wa Nairobi, akaamuru kaburi lichimbwe.

Lilipokwisha, mwenye shamba, Mzee Makokha, akasimama mbele ya kamera.

"Hii shimo mtazika nani?"

"Hakuna, mzee. Ni mchezo tu."

"Kaburi haichimbwangi bure! Ikibaki hivi, itaita mtu wa hii boma."

Wale ndugu wa filamu, waliotukanana wiki nzima, wakasimama bega kwa bega kutufukuza. Kazi yetu yote ilikuwa inakwenda na maji.

Nikavua hedifoni. Mimi ni mzaliwa wa Shirere, mkoa huu huu. Najua mtu wetu akipotea kabisa, hata maiti isipatikane, tunazika nini.

"Baba, tukizika mgomba?"

"Nani amekuuliza?" Mwongozaji akafoka.

"Mimi nimemuuliza," akasema Mzee Makokha. "Leteni mgomba."

Tuliuvika shuka, tukauombea, tukaufukia hadi shimo likajaa. Kamera ilikuwa inafanya kazi, lakini hakuna aliyeigiza. Mama mmoja alimlilia mwanawe aliyepotea asirudi, nami nikalia naye.

Filamu ilipoonyeshwa sokoni Mayoni, watu walivua kofia mgomba uliposhushwa. Kisha wakapiga vigelegele, na Mzee Makokha akaniinua mkono kama bondia aliyeshinda. Nilifurahi hadi nikasahau kuona haya.

Tangu hapo hadi nilipostaafu, kamera haikuwashwa kabla Mwongozaji hajanigeukia: "Mama, tuendelee?"

Nami, kwa raha zangu, nilimngojesha dakika moja nzima.